Siku Kinini Ilitembea mu Karatasi ya Mboko

Ninyi bijana ba Baraka, ba Fizi, ba Mboko, munaokaa leo mbele ya ordinateur, ile kompyuta, na kudonoa kama kuku kwenye mahindi, nipeni sikio kidogo. Mi ni muzee Wilondja. Hapa sokoni bengi habajui ile jina, bananiitaka Daktilo tu, sababu maisha yangu yote nilipigaka mashini ya kuandika. Masomo yangu iliishia primaire, na haikuisha vizuri: uasi wa zamani ulitukuta darasani, mwalimu akaruka dirisha wa kwanza, na siye tukamufuata kama tulivyofundishwa. Kwa hiyo mukikuta kosa humu ndani, mumuulize ule mwalimu.

Juzi mujukuu wangu Furaha alirudi nyumbani na uso umefungwa kama duka siku ya mazishi. Alikuwa ametengeneza karatasi ya kuomba kazi kwa secrétariat moja, duka ya kuandikisha karatasi, pale karibu na soko. Ilitoka nzuri, mi mwenyewe niliiona. Akaituma. Mwenye kazi akaifungua kwa telefone yake, kisha akamurudishia picha: majina imeingia mu miaka, miaka imeingia mu namba, na diplome ya mutoto imeruka mpaka ukurasa wa pili, imesimama pale peke yake kama bwana aliyefukuzwa na bibi yake.

"Babu, ba secrétariat bameniharibia!"

"Umeenda kubauliza?"

"Banasema bo balitoa muzuri, telefone njo mubaya. Na ule wa telefone anasema hakugusa kitu."

Nikacheka. Kisha nikaacha, sababu ile habari mi naijua. Karatasi moja, mashini mbili, na kila mutu anaapa hakugusa. Hapa hapa Baraka, wakati ya vita, mutu mumoja alifungwa kamba mikono juu ya habari kama ile, na ilibaki kidogo tu asirudi kwao. Na mi njo nilisema neno lililomukaza kamba, na lile neno lilikuwa la kweli. Mpaka leo nikilifikiri kichwa kinanizunguka.

Lakini nianze na Papa Alimasi, bila yeye hamutaelewa. Mi mwenyewe, hata na yeye, sielewi yote.

Papa Alimasi alikuwa daktilo wa bureau kule Fizi-Centre, mulimani. Njo alinifundisha kazi. Alikuwa na mashini nzito, ukiibeba unatembea upande upande kama bibi mwenye mimba. Siku ya kwanza alifunika mikono yangu na kitenge cha bibi yake, akasema, "Piga." Nikasema, "Papa, sioni." Akasema, "Na kula usiku unaonaka mudomo?" Nikapiga. Ilitoka lugha ya mashetani.

Herufi nilizijua upesi. Kitu kilichonishinda ni nafasi, ile pahali peupe kati ya neno na neno. Mi niliidharau. Wakati wa kupanga hesabu, namba chini ya namba, nilikuwa napiga nafasi ovyo ovyo, na zile namba zinatoka zimelewa. Papa Alimasi akanipiga rula kwa vidole.

"We Wilondja! Nafasi nayo ni herufi! Unaipiga kama unavyopiga A. Ile peupe njo inabeba zile namba. Ukiichezea, namba zinaanguka."

Na alikuwa na haki. Kwa mashini ya zamani, kila ukidonoa, inasogea hatua moja, ile ile. Piga i, mwembamba kama muti wa kiberiti, hatua moja. Piga m, munene kama Mama Pasteur, bibi ya muchungaji, hatua moja. Piga pahali peupe, hatua moja. Kwa hiyo tableau yote, ile jedwali, tulikuwa tunaijenga na nafasi, kwa kuhesabu na ulimi: ta, ta, ta, ta. Ukishajua kuhesabu na ulimi, unapanga hata karatasi ya bei ya soko yote, inasimama wima kama ukuta. Ile nilijifunza mpaka ikaingia mu mifupa. Mukumbuke hiyo, nitairudilia.

Vita ilipokuja, Papa Alimasi hakukimbia na kitanda, hakukimbia na mbuzi. Alizika mashini mu shamba la mihogo, akaifunika na majani, akapanda muhogo juu. Tulipotoka kule mapori tulikokuwa, tukaichimbua. Muhogo ulikuwa umezaa vizuri sana! Mashini nayo ilikuwa inakohoa mchanga. Ukipiga mustari, inatema punje mbili tatu juu ya karatasi. Tuliandika hivyo hivyo. Kuna watu hapa Fizi certificat zao za ubatizo ukizikunja zinalia kwaru kwaru. Papa Alimasi alikufa kabla ya vita kuisha, kwa ugonjwa, kitandani pake, na wakati ile kufa kitandani ilikuwa bahati.

Bon. Mi nikashuka Baraka. Wakati moja kulikuwa na kautulivu kidogo, na kanisa fulani lilikuwa na bureau ya dawa pale. Bakaleta ordinateur, na plaque ya jua ya kuilisha. Technicien alikuja na mutumbwi wa mashini, akanionyesha pa kuwasha na pa kuzima, akakula ugali, akarudi na mutumbwi ule ule. Nikabaki naye uso kwa uso, mi na ule sanduku.

Nilipigapiga nikagundua kitu cha ajabu: herufi ina nguo! Unaandika neno moja, kisha unafungua liste, na neno linabadilisha nguo. Bafaransa ile nguo banaiita police. Mi nilikuwa nimekimbia bapolisi mara mingi, nikasema hata humu banifuate? Basi nafungua liste, nakuta majina marefu kama ya bazungu ku makaburi ya mission. Nikachagua moja, Bookman. Mi nilisoma Bokumani. Sikuichagua kwa akili. Niliipenda tu sababu ilikuwa nene na tulivu, kama mama aliyekula akashiba. Nikafanya karatasi zote na Bokumani.

Sasa, kulikuwa na infirmier mumoja, muuguzi, jina yake Rukema. Alikuwa mutu wa juu, wa Hauts Plateaux, bale ba ng'ombe banaosema Kinyarwanda. Wakati ile, bijana, kabila yako ilikuwa inaweza kukufungia njia au kukufungulia, inategemea ni nani amesimama kwa barrière, kizuizi cha njia. Kati ya ba kwetu na ba kwao damu ilikuwa imemwangika, huku na huku, na mi sitaanza kuhesabu hapa ni nani alianza, sababu nitakufa sijamaliza. Lakini Rukema alibaki Baraka. Ba infirmier bengine balikuwa bamevuka ziwa. Yeye alikuwa na kinga, baiskeli yenye haina frein, anasimamisha na kiatu, na anazunguka kuona bagonjwa. Bamama balikuwa banamupelekea batoto muchana, na mangaribi banasema juu yake kwa sauti ya chini.

Siye wawili tulitaniana sana. Mi nakula ndagala, yeye anasogeza kiti.

"Daktilo, ile kitu yenu inanuka mpaka mu dawa."

"Na maziwa yenu ya kulala, yananuka maua?"

"Maziwa inatoka kwa ng'ombe, munaonana macho kwa macho. Samaki ilikuwa inafanya nini chini ya maji? Unajua?"

"Ipo siku utakula, Rukema."

"Siku hiyo unizike."

Basi, yeye njo alikuja na lile wazo. Kule ku vijiji, Mboko na ng'ambo zake, ba infirmier hakuna, baliobaki ni ba relais, batu ba kujitolea baliojua kusoma kidogo. Dawa iko kidogo, na bo habajui wapime namna gani. Rukema akasema: tutengeneze karatasi moja ya ukutani, Kiswahili tu. Juu tuandike: wa mukononi, anayetambaa, anayetembea, wa shule, mukubwa. Upande tuandike jina ya dawa. Relais anaweka kidole kwa dawa, anakiteremsha kidole kingine toka kwa mutoto, pale vidole vinakutana njo anapata kipimo: hapana, robo, nusu, moja.

Akasema na kinini, ile dawa chungu ya malaria, tuangalie sana, sababu kinini ikizidi inamuumiza mutoto: anatapika, masikio yanalia, hata hasikii.

Mi nikaijenga. Kama Papa Alimasi alivyonifundisha, na nafasi, kwa ulimi, ta, ta, ta, ta. Wakati mwingine neno halikai sawa kabisa, ile Bokumani inakataa, basi naongeza nafasi moja, napunguza moja, mpaka jicho linakubali. Ikasimama. Nilifurahi nikaita mupishi wa jirani aje kuona. Tukatoa karatasi moja, tukaibandika kwa ukuta wa centre ya bagonjwa ya Baraka, na wino ya imprimante, ile mashini ya kutoa karatasi, ikaisha palepale, pfff.

Lakini kule Mboko kulikuwa na bureau ingine, na ordinateur ya zamani kupita yetu, na imprimante ya sindano inayolia kama nzige kwenye bati. Rukema akasema, "Nipe disketi, nitatolea kule." Disketi, bijana, ni kale kasahani ka plastiki ka pembe ine, kalikuwa kanabeba maandishi. Akaiviringisha mu sachet, akaifunga mu kitambaa, akaweka chini ya kwapa, akapanda kinga. Aliporudi alitusimulia barrière ya njiani:

"Hii ni nini?"

"Karatasi ya dawa, chef."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko ndani."

"Toa nione."

"Haitoki hivi, chef. Inataka mashini."

"Kwa hiyo unatembea na karatasi yenye haionekani, na unataka nikuamini?"

Alimuacha apite sababu alikuwa na mafua na Rukema alimupa paracetamol. Tulicheka mpaka machozi. Hatukujua kama ule soldat alikuwa ameuliza ulizo la maana kupita siye bote.

Kukapita muda. Halafu asubuhi moja nasikia makelele kwa centre, ya mama mwenye amefiwa. Nikakimbia. Alikuwa Mama Riziki, muuza ndagala wa Mboko. Amemushika mutoto wake Amisi, alikuwa ndiyo anaanza kutembea. Homa ya malaria ilimushika, relais akamupa kinini kwa kufuata karatasi ya ukuta. Mutoto akatapika mpaka nyongo. Mama anamuita "Amisi! Amisi!" kwa nyuma ya kichwa, na mutoto haangalii. Kama ameita ukuta.

Na Mama Riziki hakuja mikono mitupu. Alikuwa ameng'oa ile karatasi ku ukuta wa Mboko, ameleta. Bamama ba centre bakaishika, bakaiweka pembeni ya ile yetu ya Baraka. Bakateremsha vidole. Kwa yetu: kinini, anayetembea, nusu. Kwa ile ya Mboko: kinini, anayetembea, moja. Anayetambaa, kwetu robo, kule nusu. Na wa mukononi, ule wa kukataza kabisa, kwetu hapana, kule robo!

Kisha Mama Riziki akauliza, polepole, "Hii karatasi ya kwetu alileta nani?"

Bote balijua alileta nani.

Bakamukuta Rukema anafua shati mutoni. Hakukimbia, hakujua hata akimbie nini. Bakamuleta na shati linachuruzika. "Batoto betu! Amegeuza kipimo ya batoto betu! Ya ng'ombe zao hageuzi!" Komanda wa bale baliokamata muji wakati ile akamuokoa mikononi mwa batu, lakini kumuokoa kwake ilikuwa kumufunga kamba na kumuweka mu chumba nyuma ya bureau yake. Kisha akaniita.

Aliweka karatasi ya Mboko juu ya meza.

"Daktilo. Hii ni kazi ya mikono yako?"

Nikaangalia. Maneno ni yale yale. Lakini herufi... Zile nene, tulivu, Bokumani wangu, hakuna. Hapa kuna vijiherufi vyembamba, vyenye haraka. Mutu anajua mwandiko wake. Ningesema nini?

"Komanda, herufi si zangu."

Kelele ililipuka dirishani. "Mumesikia! Aliandika upya! Aliandika yeye!" Na Rukema alikuwa mulangoni, bamemuleta asikie. Akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mutu anayetafuta njia usiku na mwenzake amezima taa.

"Daktilo," akasema, "mi najua kupiga sindano. Kupiga mashini sijui. Nilisimama nyuma, mwenye mashini akabonyeza, karatasi ikatoka. Sikugusa."

Ule mwenye mashini wa Mboko, bakamutafuta: amevuka ziwa na jamaa yake.

Nikasema jamani, disketi ipo, tuangalie ndani. Tukaenda bureau ya dawa, batu bamejaa mpaka ku madirisha. Nikaiingiza. Tableau ikatoka mu kioo: Bokumani mutupu, wima, nusu pa nusu, robo pa robo. Hakuna kilichoguswa. Nikafurahi, nikageuka, "Munaona!" Lakini Komanda aliona ingine.

"Ndani ni muzuri. Inje ni mubaya. Kwa hiyo ameandika ingine pembeni akatoa ile. Disketi moja, karatasi mbili. Mumoja wenu ananidanganya."

"Labda ni mashini, Komanda."

"Mashini ya kabila gani?"

Batu bakacheka. Akavuta mushipi wake, akafikiri. Akasema, "Kesho tunaenda Mboko, bote. Utaitia kwa ile mashini mbele yangu. Ikitoka muzuri kama hapa, nitajua aliandika ya kwake. Na huyu harudi Baraka."

Munaelewa nilikuwa wapi? Mi niliijenga vizuri. Naomba Mungu itoke vizuri, kazi yangu isichafuke. Na ikitoka vizuri, Rukema amekwisha. Sikulala, sikujua niombe nini.

Tukaenda na mutumbwi wa mashini, kandokando ya ziwa. Komanda, basoldat, mi na disketi, Rukema na kamba. Mama Riziki alikataa kubaki: "Ni mutoto wangu, nataka kuona na macho yangu." Alikaa na Amisi mugongoni, na homa ilikuwa inapanda tena, sababu tangu ile siku hakutaka mutoto alambe dawa yoyote. Alikuwa amekaa karibu na Rukema, mutumbwi ni mwembamba. Magoti yao yaligusana njia yote.

Mboko bakawasha groupe, mashini ya umeme. Nikaitia disketi. Ordinateur ile ya zamani ikanguruma, ikafikiri, ikafungua. Na mbele ya macho ya batu bote, bila mutu kugusa hata kitufe kimoja, zikatoka zile herufi nyembamba. Kinini, wa mukononi, robo.

"Mama yangu," soldat mumoja akasema.

"Toa," Komanda akasema. "Rudisha."

Nikatoa, nikarudisha. Ile ile. Mutu dirishani akasema ni ulozi. Komanda mwenyewe alirudi nyuma hatua, mukono ku mushipi, kama ile sanduku inaweza kumurukia. Rukema akasema polepole, "Munaona." Lakini Komanda hakuwa mutu wa kushindwa na sanduku.

"Labda bamelitengeneza hivi ili lidanganye. Kama ni ugonjwa wa mashini, Daktilo, liponyeshe. Nikiona limepona, nitaamini liligonjwa."

Nilikuwa sijui kuponyesha kitu. Nikafungua tu ile liste ya nguo, nimutafute Bokumani. Hayuko! Mu mashini ile hakuna Bokumani, na haikusema "sina," haikuomba ruhusa. Ilivalisha herufi zangu nguo ingine kimyakimya. Nikachagua nguo ingine, ya bure tu, nione. Bijana! Tableau ikatembea. Kinini ilisogea mbele ya macho yetu, moja ikaenda kwa anayetambaa. Nikachagua ingine: zikarudi kuume, sasa anayetambaa bamemukataza dawa, hapana! Ingine: nusu mbili zimegongana. Batu dirishani bakaanza kupiga makelele kila nikibonyeza, kama mupira. "Ile! Angalia robo inakimbia!" "Eee, anayetambaa ameponea!" Hata Komanda alisahau kukaza uso wake.

Nikafika chini chini ya liste, nikakuta nguo moja yenye niliijua. Nyembamba, ina vijiguu, inakaa mbalimbali kama batu bageni ku foleni. Mbaya kabisa. Ilikuwa sura ya mashini ya Papa Alimasi! Ile ya kukohoa mchanga! Jina yake Courier. Sikuichagua kwa akili, hata hiyo. Niliichagua sababu nilimukumbuka muzee.

Nikabonyeza. Mistari yote ikatikisika, ikaenda pahali pamoja pamoja, ikasimama, kama kuku banavyoingia nyumbani mangaribi kila mumoja pahali pake. Haikuwa sawa kabisa: zile nafasi nilizoongeza na kupunguza Baraka kwa kumubembeleza Bokumani, hapa zilionekana, meno yametoka inje. Nikazipanga na ulimi, ta, ta, ta. Na hapo njo nilisikia ile rula ku vidole. Nafasi nayo ni herufi! Kwa nguo zile zingine i inakula kidogo, m inakula sana, na pahali peupe kila nguo inapima namna yake. Mustari wa juu ulikuwa umejaa maneno, mustari wa kinini umejaa peupe. Nguo ikibadilika, peupe inarudi ndogo, na vipimo vinatelemuka vyote kwenda kwa batoto badogo. Lakini ku hii moja, bote banakula hatua moja, kama zamani.

"Toa," Komanda akasema.

Sindano ikalia. Akachukua karatasi, akaweka na ile ya Baraka aliyokuwa ameibeba, akasema nisome ya huku, yeye ateremshe kidole ku ya kule. Tulisoma yote, dawa kwa dawa. Ilikuwa moja. Akaomba disketi nirudishie tena mara ya pili, nifunge, nifungue. Ikakaa. Haikutembea.

Komanda akakunja karatasi. Hakuomba musamaha, hakuna mutu aliyeomba, wakati ile haikuwa na hiyo desturi. Alisema tu, "Bamufungue," na akatoka inje kuvuta tumbaku.

Rukema alikuwa anasugua mikono. Mama Riziki akaja, akaketi mbele yake, akamushusha Amisi ku mapaja. Mutoto alikuwa moto, unausikia bila kugusa.

"Daktilo, soma tena. Anayetembea."

"Kinini. Nusu."

"Ukate mbele yangu," akamwambia Rukema.

Rukema akanawa, akatoa kinini, akaikata na wembe juu ya karatasi. Nusu moja akaiponda na sukari, Amisi akaimeza na kulia. Ile ingine akataka kuifunga.

"Ile unaiweka wapi?"

"Ni ya mangaribi, mama."

"Hapana. Ile kula we."

Basoldat bakageuka kuangalia. Rukema akamuangalia ule mama, akachukua ile nusu, akaiweka mu mudomo, akaitafuna. Akaitafuna, bijana, kavu, bila maji! Uso wake ulikaza kama jiwe, ukakaza, halafu ukashindwa: jicho moja likafunga, mudomo ukaenda pembeni, shingo ikajinyoosha kama bata. Amisi, machozi bado ku mashavu, akaanza kucheka.

Mama Riziki naye akacheka kidogo, kwa pua. Akafungua kitambaa chake cha kiunoni, akatoa ndagala kavu, akamunyooshea.

"Kula hii. Inaondoa uchungu."

Rukema akaniangalia mi. Mi nikaangalia dari. Akakula, na kichwa, na mukia.

Vita ilirudi, kama ilivyojua njia. Rukema alipanda kwao juu, na mi sijui alifika namna gani, sikupata habari yake tena. Amisi masikio yalirudi. Namuonaka leo anaendesha moto, ile pikipiki ya kubeba batu, hapa, na ukimuita anasikia toka mbali, hasa ukiwa na safari ndefu. Na kosa lilikuwa la nani? La Bokumani? La sanduku lililonyamaza? La ulimi wangu wa kuhesabu? Nimeulizaka bengi baliosoma, kila mumoja ana jibu yake na hazifanani.

Nawaambia tu yenye mikono yangu inajua. Karatasi yako usiichagulie nguo kwa uzuri. Uliza kwanza kama kule inakoenda iko na ile nguo. Tableau usiisimamishe na nafasi. Ordinateur za leo ziko na vyumba vyenye kuta, weka kila neno mu chumba chake. Banasema tena iko PDF, inafunga karatasi kama samaki mu kopo, hata ikifika Kinshasa haijasogea. Kama ni kweli, basi sielewi sababu gani bado munatumiana ile yenye haina kopo. Lakini mi sielewi mingi. Na kabla ya kumushitaki mutu, weka karatasi mbili pembeni kwa pembeni, na uulize zilipita mashini gani.

Furaha nilimurudisha kwa secrétariat, nikakaa naye pembeni, nikamuonyesha na kidole ile Courier chini ya liste. Akabonyeza. Akaangalia kioo, akakunja pua.

"Babu, ni mbaya."

"Mbaya, ndiyo," nikamwambia. "Lakini haitembei."